Mpisheni Apite

Ukipanda boti pale Kilindoni, kisiwani Mafia, msimu wa kaskazi kwenda kumtazama potwe, jambo la kwanza utakaloambiwa ni usiogope. Utaambiwa ungali ufukweni unajaribisha miwani ya majini. Utaambiwa tena injini ikishawashwa. Na utaambiwa mara ya mwisho ukiwa umekaa ukingoni mwa boti, miguu inaning'inia, mrija uko mdomoni na huwezi hata kujibu. Vijana wanaosema hivyo wanasema kwa wema. Wageni wao wengi wametoka mbali, wamelipa fedha nyingi, na mtu aliyejawa na hofu akirukia majini anaweza kujidhuru. Hata hivyo, tangu nirudi kutoka Mafia nimelitafakari jambo hili, na kila nikilirudia naona tunawakosea watu, na tunamkosea samaki zaidi, tunapoifukuza hofu ile haraka namna hiyo.

Nianze na samaki mwenyewe. Potwe ni papa, na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Nyangumi anamzidi, lakini nyangumi si samaki: anapumua kwa mapafu na kunyonyesha watoto wake. Potwe aliyekomaa anaweza kuvuka mita 10. Mwaka 1828, Andrew Smith, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Afrika Kusini, alipata mmoja wa mita nne na nusu hivi aliyechomwa chusa katika ghuba ya Table Bay, akawa wa kwanza kumwandika katika vitabu vya sayansi. Wavuvi wa pwani yetu hawakumsubiri daktari huyo ili wamjue. Na pamoja na umaarufu wake wote, mambo ya msingi ya maisha yake bado yamo gizani. Mwaka 1995 huko Taiwan alivuliwa jike mwenye mimba, na tumboni mwake mkakutwa watoto wapatao 300. Mahali majike wanapokwenda kuzaa hapajulikani hadi leo. Samaki mwenye urefu wa basi ana siri ambayo hakuna mtu aliyeifikia.

Wanaokuja mbele ya Kilindoni wengi ni madume machanga, wa mita sita, saba. Kinachowaleta ni uduvi. Mafia imekaa mkabala na delta ya Rufiji, na maji ya upande ule wa magharibi ni mazito, yamejaa uhai mdogo mdogo unaoelea. Mgeni aliyezoea picha za Chole, upande wa pili wa kisiwa, ambako maji ni meupe na matumbawe yanaonekana tangu ukiwa ndani ya boti, hushangaa akifika Kilindoni. Maji ni ya kijani. Ukinyoosha mkono mbele yako unauona. Ukitazama mbali zaidi ya mita chache, huoni kitu.

Mimi nimekulia Mwanza, na kwetu maji hayakuwa mahali pa mchezo. Ziwa lilikuwa na mamba na viboko, na kichocho, na mama zetu walitufukuza ufukweni kwa fimbo. Kisha ikaja Mei 1996, meli ya MV Bukoba ikazama ikiwa imekaribia kufika, ikaondoka na mamia ya watu. Jiji lilinyamaza. Waliozikwa kwa pamoja wako Igoma, na sisi tuliokuwa vijana wakati ule hatukuyatazama tena maji kwa macho ya jana yake. Mume wangu ni mtu wa Tanga, yeye alikulia na habari za chunusi, yule anayemvuta muogeleaji mguu na kumshusha asionekane tena. Watu wa visiwani nao wana msiba wao wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama usiku karibu na Nungwi. Nayasema haya kwa sababu mara nyingi hofu ya Mwafrika majini huchekwa, kana kwamba ni ushamba, kana kwamba aliyezoea bwawa la kuogelea la hoteli ana ujasiri na sisi hatuna. Hofu yetu ina majina ya watu ndani yake.

Nilijifunza kuogelea ukubwani, na nilipofika Mafia nilikuwa najiweza. Kutumia miwani na mrija, snokeli kama vijana wa boti wanavyoita, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unalaza uso majini, unapumua kwa mdomo, unapiga miguu taratibu. Ila mwili unahitaji muda kuzoea, maana karibu kila kiungo chake cha kutambua hatari kimebadilishiwa kazi. Kioo cha miwani chenye hewa nyuma yake hupinda mwanga, ukaona kitu kimekua kwa takriban theluthi moja na kimekusogelea kuliko kilivyo. Pembeni huoni, mpira wa miwani umeziba. Sauti nayo husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, na masikio yetu, yaliyozoea kupima tofauti ndogo kati ya sikio hili na lile, hayawezi kusema sauti imetoka wapi. Injini ya boti iliyo mbali inalia kila upande, hata ndani ya kichwa. Halafu kuna mrija. Ukipumua kwa utulivu hauna tatizo. Ukishtuka na kuanza kuhema harakaharaka kwa pumzi fupi, unaivuta tena hewa ileile chafu iliyobaki ndani ya mrija, kifua kinabana, na kubanwa kule kunaongeza mshtuko. Watu wamezidiwa kwenye maji tulivu kwa njia hii, hakuna mnyama yeyote aliyewagusa.

Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari. Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kilindoni, mtu wa maneno machache, na msaidizi wake kijana ndiye aliyekuwa msemaji. Nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba na kuuliza habari za bara, kisha akarudi kutazama maji. Alikuwa akitafuta ndege. Ndege wakizunguka mahali pamoja, dagaa wako chini yake. Na palipo na dagaa na uduvi, potwe hayuko mbali. Baada ya muda akaelekeza kidevu upande wa kaskazini, akapunguza injini, halafu akaizima kabisa. Kijana akasimama.

"Huyo, mama! Shuka taratibu. Usiogope, potwe hana neno."

Nikateleza majini.

Kijani kitupu. Chembe zilikuwa zinaelea mbele ya kioo, nyingi, na mionzi ya jua ilizipita na kupotea chini. Niliiona mikono yangu ikiwa imepauka. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Mbele yangu palikuwa na sehemu iliyokolea kuliko pengine, nikaidhania kivuli cha boti, nikakumbuka kwamba boti iko nyuma yangu. Kivuli kikawa na madoa meupe. Kisha katikati ya madoa pakafunguka mdomo.

Sijui kusimulia ukubwa wa mdomo ule bila kusema uongo. Upana wake ulinitosha mimi kwa mabega. Ulikuwa wazi wote, umepanuka kwa upana zaidi ya kimo, na ulikuwa unanijia moja kwa moja. Mbele yake walitangulia kolekole wachanga wa manjano, wadogo, wakiogelea kwa furaha kwenye mdomo wa kitu ambacho kingeweza kuwafuta kwa funda moja. Ndani ya mdomo palikuwa na weupe kidogo, kisha giza.

Mwili wangu haukuniuliza. Magoti yalipanda kifuani, mikono ikasukuma maji mbele, na sauti ikatoka ndani ya mrija ambayo sikuitambua kuwa yangu. Nilikuwa nimesoma habari zake. Nilijua kwamba anakula kwa kuchuja, kwamba meno yake elfu tatu hivi ni madogo kuliko punje ya mchele na hayatumiki kung'ata, kwamba koo lake ni jembamba na haliwezi kumpitisha mtu. Yote hayo niliyajua, na hakuna hata moja lililokuja kunisaidia. Kilichokuja ni Nabii Yunus. Niliwaza, kwa dhati kabisa na bila kuchagua, kwamba hivi ndivyo alivyoona, kwamba kabla ya giza la tumbo kulikuwa na muda mfupi huu wa kuutazama mlango.

Potwe aliinamisha kichwa. Hakugeuka wala hakuharakisha. Alishusha tu pua yake pana chini kidogo ya miguu yangu, na mwili wote ukafuata njia hiyo. Akaanza kupita, na akaendelea kupita, kama treni ya mizigo ambayo umeshaacha kuhesabu mabehewa yake. Kichwa kilipita. Matamvua yakapita, mipasuko mitano mirefu iliyokuwa ikifunguka na kujifunga. Migongo myembamba iliyochomoza ubavuni, tangu kichwani hadi mkiani, ikapita, na kati yake madoa na mistari meupe. Chini ya tumbo chazo wawili walikuwa wamejibandika. Kisha pezi la mgongo, kisha mkia, uliosimama wima kunizidi kimo, ukipepea huku na huku polepole sana, na wimbi lake likanisukuma pembeni.

Katika yote hayo, kitu nilichokiona kwa karibu zaidi ni jicho. Jicho la potwe ni dogo, limekaa chini pembeni mwa kichwa, nyuma kidogo ya kona ya mdomo. Alipokuwa ananipita, pezi langu la mpira, lile nililovaa mguuni, liliyumba likakaribia upande wake wa kulia. Jicho likaniangalia, kisha likazunguka na kuzama ndani ya kichwa, pakabaki shimo lenye weupe. Mguu ulipoondoka, likarudi. Samaki huyu hana kope, kwa hiyo hawezi kufumba. Hulivuta jicho ndani ili kulilinda. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walieleza kwamba hata uso wa jicho lake umefunikwa na vijimeno vidogo mno vya kulikinga, na walieleza pia jinsi anavyoweza kulirudisha ndani. Nilipokuja kuyasoma hayo nilikuwa nimeshayaona.

Kwa hiyo tulikuwa wawili tulioogopa pale. Mnyama wa mita saba, mwenye ngozi ambayo ni miongoni mwa ngozi nene kuliko zote duniani, alimwona mwanamke wa Mwanza mwenye mapezi ya mpira na akaficha jicho lake. Hofu yangu ilinikunja na kunirudisha nyuma. Hofu yake ilimwinamisha na kumpitisha chini. Kila mmoja akampa mwenzake nafasi. Hakuna aliyeumia. Nathubutu kusema kwamba kati ya viumbe wasiojuana, hiyo ndiyo adabu yenyewe, na inaanza mwilini kabla ya mtu kuwaza lolote.

Nilipoinua kichwa, boti nyingine tatu zilikuwa zimeshafika, na maji yakajaa watu. Vijana waongozaji walikuwa wanapaza sauti zilezile, usiogope, hana neno, hana neno. Nao wageni waliamini. Mmoja alipiga miguu kwa nguvu akamfikia potwe mgongoni, akashika pezi lake, akavutwa kidogo huku mwenzake akipiga picha. Wengine wawili walikata njia mbele ya mdomo. Potwe alizama. Alikwenda chini bila haraka, madoa yakafifia, kijani kikarudi kuwa kijani kitupu. Mzee wetu alikuwa amesimama ndani ya boti, ameshika ukingo. Alisema mara moja tu, kwa sauti isiyo kubwa: "Mpisheni. Mpisheni apite, yuko kazini."

Yule aliyeshika pezi hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa kwamba mnyama huyu hana madhara, naye akatafsiri kama watu wengi wanavyotafsiri: kwamba asiyeweza kukudhuru unaweza kumfanya utakavyo. Hapo ndipo ninapoona kosa la kuiondoa hofu bila kuweka kitu mahali pake. Hofu yangu haikunikinga na potwe, maana potwe hakuwa na shida nami. Ilimkinga yeye na mimi. Ilinizuia kumshika. Laiti ningeshushwa majini nikiwa mtulivu na mwenye kujiamini, huenda mkono wangu nao ungenyooka.

Tena hofu hupotea njia kwa urahisi, na mtu asiyefundishwa huogopa kilicho kikubwa tu. Kwenye mwamba wa Chole, ambako hakuna potwe na watoto wadogo wanaogelea, kuna samaki anayelala chini akifanana na jiwe lililoota kuvu, na miiba kumi na mitatu ya mgongoni mwake ina sumu inayoweza kumlaza mtu mzima akilia kwa maumivu. Dawa ya kwanza ni kuuloweka mguu katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha hospitali. Kuna kome wenye gamba la mchongoko lenye michoro mizuri, ambao mtoto yeyote angependa kuwaokota, na baadhi yao huchoma kwa sumu iliyowahi kuua watu. Na kuna kikande mkubwa, samaki wa urefu wa mkono, anayelinda mayai yake mchangani. Eneo analolitetea linapanuka kadiri linavyopanda kuelekea juu ya maji, kwa hiyo anayekimbilia juu anazidi kuwa ndani yake. Kikande hukimbiza na kung'ata kwelikweli, na meno yake yameumbwa kuvunja magamba. Dawa yake ni kuogelea kwenda pembeni, kuondoka juu ya kiota. Hakuna aliyetengeneza filamu ya kikande.

Papa wametengenezewa. Riwaya ya Peter Benchley, Jaws, ilitoka mwaka 1974, na filamu ya Steven Spielberg mwaka uliofuata, na vizazi vikakulia na pezi lile likikata maji, hata huku kwetu kwenye vibanda vya video. Benchley mwenyewe alitumia miaka yake ya baadaye akiwatetea papa, akisema wazi kwamba asingeweza kukiandika tena kitabu kile akiwa na ujuzi aliokuja kuupata. Alifariki mwaka 2006. Wanaoweka kumbukumbu za watu walioumwa na papa bila kuchokoza huandika matukio machache tu kwa dunia nzima kila mwaka, kwa kawaida chini ya mia moja, na vifo vinavyohesabika kwa vidole. Upande wa pili, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema wanadamu huua papa takriban milioni 100 kwa mwaka. Sitaki tarakimu hizo zitumike kumkejeli anayeogopa. Anayeogopa yuko majini, na pale majini takwimu haziogelei naye. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha upande ambao hatari imelalia.

Potwe naye yumo katika hesabu hiyo. Biashara yake ya kimataifa iliwekewa masharti mwaka 2002 chini ya mkataba wa CITES, na mwaka 2016 shirika la IUCN lilimtangaza kuwa hatarini kutoweka. Huvuliwa kwa ajili ya nyama na mapezi, hunaswa kwenye nyavu zilizotegewa wengine, na kwa kuwa hula karibu na uso wa maji, hugongwa na meli na kukatwa na mapanga ya injini. Huko Oslob, katika kisiwa cha Cebu nchini Ufilipino, tangu mwaka 2011 hivi wavuvi wamekuwa wakiwalisha potwe uduvi kwa mkono ili wageni wawaone kila siku. Fedha zimeingia, nyumba zimejengwa, na siwezi kumlaumu mvuvi maskini aliyeona njia ya kusomesha watoto. Lakini potwe wa pale wamejifunza kuifuata boti. Mnyama anayefuata boti haogopi tena kitu ambacho angepaswa kukiogopa kuliko vyote, na waliokaa pale muda mrefu wana makovu ya kuthibitisha hilo. Hofu ikimtoka samaki, huumia. Ikimtoka mtu, humuumiza samaki.

Kilindoni hakuna anayewalisha. Wanakuja kwa chakula chao wenyewe, na hilo ni jambo la kujivunia na kulilinda. Watafiti wameshawatambua mmoja mmoja zaidi ya 100, kwa picha za ubavu nyuma ya matamvua, maana madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine; programu wanayoitumia imetokana na hesabu za wataalamu wa anga za kulinganisha makundi ya nyota. Baadhi yao waliwekewa vifaa vya kutoa mlio, na vinasa sauti vikawekwa majini kuzunguka eneo lile. Watu wengi walidhani potwe huhama kaskazi ikiisha. Ikaonekana wengi hawaendi mbali. Wakati wa kusi husogea nje zaidi na chini zaidi, macho ya watu yasipofika, kisha uduvi ukirudi nao hurudi. Kwa hiyo hawa si wapita njia. Ni wenyeji wa Mafia, na baadhi yao wameonekana pale mwaka baada ya mwaka.

Nilimuuliza mzee, tukirudi, kama wavuvi wanamwona potwe kuwa kero. Alifikiri kabla ya kunijibu. "Mwanangu," akasema, "potwe ndiye anayetuonyesha samaki." Jodari wadogo na dagaa hukusanyika alipo, na wenye nyavu kubwa za kuzungushia huzitupa wakimzunguka na yeye. Akishikwa ndani, huzamishwa ukingo wa wavu ili atoke. Wenye subira humtoa salama. Mwenye haraka hukosa vyote, samaki na wavu, maana potwe akigeuka vibaya huondoka na nusu ya nyavu. Katika maelezo yake hapakuwa na usiogope. Alizungumza juu ya mnyama mkubwa anayefanya kazi mahali pamoja na watu wengine wanaofanya kazi, na juu ya nani ampishe nani, na wakati gani.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na imefanya mema mengi upande wa matumbawe. Malisho ya potwe mbele ya Kilindoni, kwa sehemu kubwa, yako nje ya mipaka yake. Maana yake ni kwamba kinachomlinda asubuhi kama ile ni waliomo ndani ya boti: nahodha, kijana wake, na mgeni aliyelipa. Naamini vijana hawa wanaweza kubadilisha mambo msimu mmoja tu wakiamua. Badala ya kumwambia mgeni asiogope, wamwambie kitakachotokea: kwamba maji ni mazito na hutamwona potwe mpaka awe karibu, kwamba ataonekana mkubwa kuliko alivyo, kwamba mdomo utakuwa wazi, kwamba moyo utakwenda mbio, na hapo upumue polepole, utoe pumzi ndefu ndani ya mrija, na usogee kando. Mtu aliyeandaliwa hivyo ataogopa vizuri.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda kaskazi ijayo, kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au kwa boti kutoka Nyamisati, uliza kabla hujatoa fedha. Uliza kama injini itazimwa watu wakiwa majini. Uliza ni watu wangapi wataingia kwa pamoja. Kanuni zinazofuatwa sehemu nyingi duniani husema wasizidi kumi kwa potwe mmoja, nao wakae mita tatu au nne kutoka kwake, hasa upande wa mkia. Uliza ni nani mwenye kauli ya mwisho ya kuwatoa watu majini. Na ukifika pale, nahodha akakuta boti zimeshamzunguka potwe, akakataa kukushusha, mlipe ujira wake wote kama mlivyopatana, na uwaambie wenzako hotelini jina la boti yake.